Mama Nta na Jumba la Otradovo

Nyumba ya Kapitolina Savishna ilinuka maziko. Aliyesema hivyo kwanza ni marehemu mumewe, wala hakuwa anatania. Nta ya nyuki ikiyeyuka hutoa harufu ile ile ya mishumaa ya kanisani, na katika mji wao mdogo wa mkoa wa Kostroma watu wengi huingia kanisani pale tu wanapomsindikiza mtu. Basi jirani akipanda ngazi na kukutana na harufu ile, alikuwa akishusha sauti bila kujijua, mpaka akumbuke kwamba huko juu hakuna aliyekufa. Ni Mama Nta tu, anapika rangi zake.

Kabla ya kuitwa Mama Nta alikuwa mchoraji wa kiwanda cha kitani. Alibuni maua ya vitambaa vya meza. Kiwanda kilipofungwa hakujua kazi nyingine isipokuwa kushika brashi, na vitambaa vya kuchorea kwa brashi hiyo havikuwepo tena. Ndipo siku moja, kwenye maktaba ambako aliingia kwa sababu kuna joto, akafungua kitabu chenye picha za watu wa Misri ya kale: nyuso zilizochorwa kwa nta ya moto juu ya mbao, zikafungwa pamoja na maiti. Mwanamke mmoja, mfu wa karibu miaka elfu mbili, alikuwa na unyevu kwenye jicho, kama mtu ambaye amekatizwa maneno sasa hivi tu. Kapitolina alimtazama mpaka maktaba ikafungwa. Njiani kurudi nyumbani alinunua mishumaa.

Lilikuwa kosa. Mishumaa ya dukani haina nyuki ndani yake, ni mafuta tu yaliyoganda, na picha yake ya kwanza ikageuka kijivu, ikatoa jasho, kama supu iliyolala. Alikosea sana kabla hajapatia. Mwishowe alijua: nta halisi kutoka kwa mfugaji, utomvu mkavu kidogo wa mti ili iwe ngumu, rangi ya unga, vyote kwenye vibakuli vya bati juu ya jiko dogo la spiriti. Unapaka upesi kwa sababu nta hupoa kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Kisha unapasha moto pasi ndogo, pana kama kijiko, na kuipitisha juu ya picha ili tabaka zishikane. Pasi ikipoa, nta haishiki. Ikizidi moto, anga la picha linateremkia kwenye paa. Na ubao wenyewe lazima uwe vuguvugu, la sivyo nta yote hubanduka kama gamba la kidonda.

Alichokichora ni majumba ya shambani ya mabwana wa zamani. Yako kila upande huko, nyuma ya vijiji, mwisho wa njia za miti ambazo hazimpeleki mtu popote tena. Mabwana waliondolewa, majumba yakawa shule, yakawa hospitali, yakawa maghala ya viazi, halafu hayakuwa kitu. Kapitolina alipoyafikia, miti ilikuwa imeshaota juu ya paa. Na alikuwa na sharti moja, alilishika kama mtu anavyoshika funga: hachori kisichokuwepo mbele yake. Hakutumia picha za kamera. Hakurudisha nguzo iliyoanguka. Watu waliotaka kununua walimwomba, "Tuwekee paa basi, lipendeze," naye alijibu kwamba paa wamwombe fundi paa.

Sifa mbaya ikamfuata. Kila alipochora, mwaka mmoja au miwili baadaye jumba liliungua au lilianguka. Haikuwa ajabu, yalikuwa yanakufa hata hivyo, lakini vijijini waliunganisha. Pantelei, dereva wa gari la mikate aliyekuwa akimpa lifti, ndiye aliyeifanya wimbo.

"Mama Nta, siku ukija kwangu uchore choo tu," alimwambia. "Kimeinama, na mke wangu hataki kusikia habari ya kujenga kingine."

"Choo chako nitakichora ukiwa ndani."

"Aa, basi, nishaghairi."

Alicheka naye, ila usiku... hapana, tuseme kweli, hata mchana ilimsumbua. Ukutani kwake kulikuwa na majumba mengi, na yote yalikuwa maiti. Alitamani lile moja tu, kabla mkono wake haujaanza kutetemeka: jumba lililo hai, lenye mtu. Na Pantelei ndiye aliyemwambia kuhusu Otradovo.

Huko Otradovo alibaki mzee mmoja, Yermolai Fomich, mlinzi wa zamani wa jumba tangu lilipokuwa hospitali ya watoto wenye kifua kikuu. Aliishi peke yake katika nyumba ndogo ya ubavuni, chumba kimoja chenye jiko kubwa la matofali, na dirisha lake lilitazamana na jumba lote: nguzo sita, ngazi pana, roshani iliyoning'inia upande mmoja. Na kila asubuhi, theluji ikiwa imeanguka, mzee alichukua koleo akachimba njia kutoka mlangoni kwake mpaka kwenye ngazi za jumba. Alikuwa na nyonga mbovu, kwa hiyo njia haikunyooka. Ilipinda kushoto, ikajirudi, kama inayotafuta kitu.

Wakati Kapitolina anafika, Januari, wilaya ilikuwa imekwishaamua. Mzee angehamishiwa kwenye nyumba ya wazee mjini mara tu sikukuu zikipita, na milango ya jumba ipigwe misumari. Jumba lisilo na mtu huko halimalizi majira mawili ya baridi. Kwa hiyo ama alichore sasa, Yermolai akiwa bado anachimba njia yake, ama alichore likiwa maiti kama mengine.

"Unachimba kwenda wapi, Yermolai Fomich? Huko hakuna mtu," alimuuliza siku ya kwanza.

"Wezi wa mabati hawajui kwamba hakuna mtu," mzee alijibu. "Wakiona njia wanasema, ala, kuna mwanaume humu. Hawajui kwamba mwanaume mwenyewe anavaa gagulo la sufu la marehemu mkewe kiunoni."

"Kweli unavaa?"

"Binti, nyonga haina haya."

Alimwita binti, na Kapitolina alikuwa na miaka sitini na moja. Mzee alimpikia viazi na kabichi iliyochachushwa, akamkatalia kuosha sahani, na kila alipopita nyuma yake alisimama kuangalia ubao. "Nguzo hiyo umeinenepesha," alisema. Au: "Hapo mbele ya ngazi umeacha peupe. Ndipo njia yangu inapokaa, siyo?"

"Ndipo. Naiweka mwisho. Ni kitu chepesi, nikiiweka mapema pasi itaila."

"Usisahau pale inapopinda."

"Hapo ndipo ninapopataka."

Kulikuwa na ugomvi mmoja tu kati yao, wa kidirisha. Madirisha ya huko yana kidirisha kidogo cha juu cha kupitisha hewa, na Kapitolina alikifungua kila alipofanya kazi, maana nta ikizidi moto hutoa moshi mwembamba unaoingia nyuma ya macho na kukaa. Miaka yote hiyo alikuwa na kichwa chake cha kazi, kama vile mwashi anavyokuwa na mgongo wake.

"Funga hicho, unapasha joto mkoa mzima."

"Kichwa kitaniuma, mzee."

"Kinauma kwa sababu unakitumia. Changu hakijaniuma tangu jeshini."

Siku za kazi ziliisha moja baada ya nyingine, na baridi ikawa inazidi. Ile asubuhi ambayo Kapitolina alipanga kuweka njia, birika lililoachwa dirishani lilikuwa limeganda. Nje, miti ilipasuka kwa sauti kama ya risasi. Mzee alichimba njia yake mapema, akarudi na nyusi nyeupe, akaketi kando ya jiko bila kuvua mabuti. Kesho yake gari la wilaya lingekuja kumchukua.

Kapitolina akawasha spiriti, akakoroga nyeupe na buluu kidogo kwa ajili ya kivuli cha njia, akapaka. Nta ikaganda hewani. Akapasha ubao, akapaka tena. Alipogusa kwa pasi, ukanda mzima ulibanduka, ukaanguka kwenye aproni yake, na pamoja nao kona ya ngazi.

"Chumba hiki kikiwa hivi sitamaliza," alisema, na sauti yake ilikuwa kali kuliko alivyokusudia. "Kesho wanakuchukua, na mimi bado nina shimo hapa katikati."

Mzee aliinuka, akafunga kidirisha, na safari hii Kapitolina hakubisha. Kisha akajaza jiko kuni, nyingi, zile kavu alizokuwa akizitunza. Moto ukanguruma. Matofali yakashika joto, ukuta ukaanza kutoa harufu ya chokaa, na polepole nta ikaanza kutii. Kapitolina aliegemea ubao, akasahau kila kitu. Ilishika. Theluji ya mbele ya jumba ikaenea laini, ikabaki njia yenyewe.

Sasa, jiko la namna hii lina kifuniko cha chuma kwenye dohani. Moto ukishakwisha na makaa yamekuwa meusi, unakisukuma, joto linabaki ndani mpaka kesho. Ila ngoja makaa yazime. Vimiali vya buluu vikiwa bado vinacheza juu yake, usiguse, maana hewa ya makaa haina rangi wala harufu, nayo ikikosa dohani inaingia chumbani. Mtoto wa huko hujua hilo kabla hajajua kusoma. Yermolai Fomich alilijua tangu azaliwe, na mikononi mwake, kwa miaka yote ya hospitali, majiko ya wodi zote yalizimika salama.

Kapitolina alisikia kifuniko kikisukumwa. Sauti ya chuma juu ya chuma, fupi. Alifikiri: mapema hivyo? Lakini brashi ilikuwa imejaa nta ya moto, na nta haingoji. Akapaka. Alipomaliza mpigo ule, lile wazo lilikuwa limeshapita.

"Sasa halitoki hata kidogo," mzee alisema, akipanda juu ya jiko mahali anapolala. "Joto lote la kwako. Chora. Mimi najinyoosha kidogo, ukifika pale panapopinda niamshe nione."

"Nitakuamsha."

Baada ya muda kichwa kikaanza. Kwanza kwenye panja, halafu nyuma ya macho, mahali pake pa siku zote. Akakilaani kibakuli, akashusha utambi wa spiriti, akakiinua kukinusa. Aliijua harufu ya nta iliyoungua, na hii haikunuka hivyo, lakini kichwa kilikuwa kinauma, na kwake kichwa kikiuma ni nta. Miguu ilikuwa mizito. Akafikiri atoke avute hewa, na papo hapo aitazame njia kwa karibu, kivuli chake kilikuwa cha buluu au cha zambarau, jambo ambalo kutoka dirishani hakuwa na hakika nalo.

Alivaa koti na mabuti. Mzee alikuwa anakoroma kwa utulivu. Kapitolina akatoka, akauvuta mlango ukafunga vizuri, kisha kwa mguu akasogeza gunia la kuzibia chini yake, ili asimpotezee joto lake.

Nje kichwa kilipoa haraka. Alisimama kwenye njia ya Yermolai na kuona vitu ambavyo dirisha lilikuwa limemficha: kingo zake zilikatwa kwa koleo zikang'aa kama sabuni, na pale ilipopinda palikuwa na shimo dogo, mahali mzee aliposimika koleo apumzike. Kivuli kilikuwa cha zambarau. Alichora kwa penseli kwenye kipande cha karatasi mpaka vidole vikakataa. Alifurahi. Hilo ndilo lililomrudia baadaye mara nyingi kuliko mengine yote, kwamba wakati ule alikuwa na furaha.

Aliporudi alianza kusema tangu mlangoni. "Ni zambarau, Yermolai Fomich. Amka, tunaweka panapopinda."

Mzee alikuwa na mashavu ya waridi, kama mtoto aliyetoka kuteleza kwenye kilima. Kapitolina alitabasamu kumwona vile. Kisha akamgusa mkono.

Alivunja dirisha kwa pasi yake. Akamburuta mzee kutoka juu ya jiko, uzito wake wote ukamwangukia, akamtoa mlangoni mpaka kwenye theluji na kumpiga mashavu yale ya waridi na kumwita kwa jina lake na jina la babake, kwa heshima, kana kwamba heshima ingemshawishi. Pantelei ndiye aliyefika kwanza na gari lake la mikate. Nesi alifika baadaye, akapiga magoti, akainuka, akaingia ndani, akatazama jiko. Makaa yalikuwa bado mekundu chini ya majivu.

"Mzee wa hapa, na kosa hili," nesi alisema. "Alikuwa na haraka gani?"

Kapitolina alikuwa ameketi kwenye ngazi na hakusema haraka ilikuwa ya nani.

Walimzika kwenye makaburi ya kijiji. Ardhi ilibidi iyeyushwe kwa matairi yanayowaka ndipo ichimbike, na moshi mweusi ulikaa juu ya watu wakati wa sala. Binti yake, Serafima, alikuja kutoka Yaroslavl, ambako anaendesha tramu. Mwanamke mpana, mkimya, mwenye nyonga inayoanza kuchechemea kama ya babake. Baadaye watu waliketi nyumbani kwa Pantelei kula uji wa ngano na asali, na chapati laini, na kumnywea marehemu bila kugonganisha glasi, kama ilivyo desturi ya msiba huko. Kila mmoja alikuwa na neno la kusema kuhusu majiko. Mmoja alisema ni uzee. Mwingine alisema labda alikusudia, hakutaka kwenda kwa wazee. Pantelei hakufanya utani hata mmoja, wala hakumtazama Mama Nta.

Serafima alisogeza kiti chake karibu naye.

"Wewe ulikuwa humo ndani," alisema. "Kichwa kilikuuma?"

"Kiliniuma."

"Ukafikiri nini?"

"Nta. Nikipika nta kinaniuma siku zote."

"Na kifuniko? Ulikisikia?"

"Nilikisikia."

Serafima alikunja chapati yake mara mbili, akaiacha kwenye sahani.

"Baba hakupenda baridi, lakini hakuwa mtu wa kufunga mapema," alisema. "Mimi na ndugu yangu alitukataza hata kukigusa. Alifunga kwa ajili yako."

"Kwa ajili ya picha. Nilimwambia chumba kina baridi. Nilisema naye kwa ukali."

"Imeisha hiyo picha?"

"Bado njia."

"Basi nenda ukaimalize."

"Serafima Yermolaevna, mimi siwezi tena kuingia—"

"Utaweza. Sitaki kuiona, usiniletee. Usiiuze, usiipeleke kwenye maonyesho watu wakale biskuti mbele yake. Imalize, itundike kwako mahali unapolia chakula." Aliinuka, akachukua glasi za watu na kuanza kuziosha, ingawa haikuwa nyumba yake.

Kesho yake Pantelei alimpeleka Otradovo, akamwacha barabarani. Usiku theluji ilikuwa imeanguka. Ngazi za jumba zilikuwa laini, uwanja wote mweupe, tambarare, hakuna aliyepita. Kapitolina alisimama akitafuta pale panapopinda na hakupaona. Akaitoa mfukoni ile karatasi ya penseli. Angeweza kuitumia. Alikumbuka kingo, shimo la koleo, zambarau, vyote. Angeichora njia ile akiwa amefumba macho, na hakuna mtu duniani ambaye angejua.

Aliirudisha karatasi mfukoni. Akatembea mwenyewe kutoka mlango wa nyumba ndogo mpaka kwenye ngazi za jumba, theluji ikimfika magotini, akaanguka mara moja, akajiinua kwa mikono, akafika, akagusa nguzo, akarudi kwa kukanyaga mashimo yale yale. Kisha akaingia chumbani, ambako dirisha alilolivunja lilikuwa limezibwa nusu kwa mto wa mzee, akaweka ubao mahali pake na kuwasha spiriti.

Jiko la matofali hakuliwasha.

Nta iliganda kabla haijafika. Alipasha brashi, akapasha pasi, akapuliza vidole, akapaka mashimo ya mabuti yake moja moja kutoka mlangoni mpaka kwenye nguzo, na pale alipoanguka akapaka alama ya mwili. Yalishika vibaya. Yalikaa juu ya theluji ile laini kama magamba, yenye ukungu mweupe ambao nta hutoa ikipigwa na baridi, na mengine ukiyagusa kwa ukucha yanatikisika. Hakuyarekebisha.

Picha iko jikoni kwake, juu ya meza, mbali na mvuke wa sufuria. Jumba lenyewe roshani ilianguka mwezi Machi. Wageni, ambao siku hizi ni wachache, humsifia anga na nguzo, halafu hujikunyata na kumwomba afunge kidirisha, maana anakiacha wazi hata katika baridi ya kupasua miti, na yeye hula na koti mwilini.